Ninavyomsaka mnyonyaji wa betri gari likiwa limezimwa

Betri ikilala na chaji ikaamka imekufa, usikimbilie Kirinyaga Road kununua nyingine. Mimi hupima kwanza. Mita ya kidijitali ya bei nafuu, spana namba 10 na tochi vinatosha.

Huanza na volti. Gari likiwa limepumzika usiku kucha, betri iliyojaa husoma takriban 12.6, ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Kisha nawasha injini. Kwenye magari mengi mita hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na pointi, tatizo ni kuchaji, basi naangalia mkanda, altaneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) na waya zake.

Ikichaji vizuri, nazima kila kitu, natoa ufunguo na kushusha kioo cha dereva, maana milango ina tabia ya kujifunga. Pete na saa ya chuma navua. Kisha nafungua waya wa hasi peke yake. Bodi yote ya gari ni hasi, kwa hivyo spana ikiwa kwenye chanya ikagusa chuma, ni shoti, na cheche karibu na betri iliyotoka kuchajiwa zinaweza kuwasha haidrojeni.

Naingiza waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, kisha naweka mita kati ya nguzo hasi na ule waya niliofungua. Hapo hakuna kuwasha gari wala taa kubwa. Stata huvuta zaidi ya ampea 100 na fyuzi ya mita itaungua papo hapo.

Mwanzoni mita huweza kuonyesha ampea kadhaa kwa sababu kompyuta za gari bado ziko macho. Nangoja nusu saa, wakati mwingine zaidi. Gari lisilo na hitilafu kwa kawaida hushuka chini ya 0.05. Likikwama kwenye 0.4, piga hesabu: kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, yaani ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya 45.

Sasa nachomoa fyuzi moja moja nikitazama mita, na kila moja nairudisha kabla ya kugusa nyingine. Picha ya boksi la fyuzi niliyopiga kwa simu huokoa muda. Namba ikianguka, mnyonyaji yuko kwenye njia hiyo. Mara nyingi ni redio au alamu iliyofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozima. Traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri haipiti kwenye boksi, hivyo fuata kila waya mwembamba unaotoka kwenye chanya. Diodi mbovu ya altaneta, kile kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, nayo hunyonya kimyakimya bila kujali fyuzi za ndani.

Fyuzi ya kurudisha iwe ya ampea zile zile: nyekundu 10, buluu 15, njano 20, kijani 30. Ukiweka ya 30 mahali pa 10, au karatasi ya sigara kama nilivyoiona kwenye matatu kadhaa, waya ndiyo itakayoungua.

Nikimaliza, waya mwekundu wa mita hurudi kwenye tundu la volti papo hapo. Ukiusahau kwenye 10A kisha upime volti za betri, umepiga shoti kwa mkono wako.