Nilivyonyamazisha alati za seva ya db1 peke yake bila kuuziba masikio mfumo mzima

Kama kuna mtu amekwambia "we zima tu Alertmanager mpaka umalize kazi", usimsikilize kabisa. Alertmanager ndiyo programu inayotutumia alati, yaani tahadhari za seva zenye shida. Mimi nilimsikiliza mara moja, usiku wa matengenezo, na kwa saa zote zile seva yoyote ingedondoka hakuna hata mmoja kwenye timu angejua. Nikasema sirudii.

Safari hii nilikuwa napandisha toleo la Postgres, programu ya databesi, kwenye db1, kazi ya saa mbili hivi. Nikatengeneza sailensi, yaani agizo la kunyamazisha alati kwa muda, kwa lebo ya jina la seva, instance="db1", nikaweka muda, jina na sababu, nikaanza kazi. Databesi ikazimwa tu, simu ikaanza kulia! Nanyamazisha, inalia tena. Nikadhani sailensi haijaingia, naangalia ipo, hai kabisa. Nikahangaika weee mpaka nikafungua alati yenyewe nikasoma lebo moja moja, kumbe haijaandikwa db1, imeandikwa db1:9100, namba ya poti ya node_exporter, programu inayopima hali ya seva, imo humo humo! Na Alertmanager haibahatishi, lebo isipofanana herufi kwa herufi inakuacha na kelele zako.

Haraka haraka nikabadilisha kuwa instance=~"db1.*", yaani db1 na chochote kinachofuata, na simu ikatulia tuli. Nikafurahi, ila moyo ukakataa, mbona kimya kimekuwa kikubwa hivi? Nikafungua orodha ya alati zilizonyamazishwa nakuta db11 imo, diski inakaribia kujaa na hakuna aliyeambiwa. Ile db1.* inazoa kila kinachoanza na db1, yaani db10, db11, db12, wote! Nikaiondoa papo hapo, nikasafisha logi za zamani kule db11, ndipo nikaandika hii kwa amtool, zana ya amri ya Alertmanager:

amtool silence add 'instance=~"db1:.*"' -d 2h -c "kupandisha Postgres"

Ni nukta pacha tu hiyo iliyoongezeka, na ndiyo imenitoa. Kwa nini sikuandika db1:9100 moja kwa moja? Kwa sababu postgres_exporter, inayopima databesi, inakaa poti 9187, alati za databesi zingepita zote. Halafu hiyo -d, muda wa sailensi, usiisahau, ukiiacha unapewa saa moja tu na kelele zinarudi ukiwa katikati ya kazi. Na ukitumia ukurasa wa wavuti badala ya amtool, kuna kitufe cha kutazama alati zitakazoguswa kabla hujahifadhi, kibonyeze kila mara, kingeniokolea usiku wangu wote. Saa zinazoonekana pale ni za UTC, piga hesabu vizuri kabla ya kupanga mwanzo na mwisho.

Kazi iliisha mapema, kama dakika arobaini kabla ya muda. Sikungoja sailensi ijiishie, niliimaliza mwenyewe kwa amtool silence expire na ile ID yake, na haikupita muda ikaingia alati ya db1, replika, yaani nakala ya databesi, imebaki nyuma. Ya kweli kabisa hiyo. Nikairekebisha kabla sijalala.