Zima Kwanza, Ndipo Upandishe: Bledi Kuukuu za Posta, Julai 2019

Kazi ya kupandisha programu za seva hadi matoleo mapya ilifanyika Julai 2019, kwenye chumba cha seva cha taasisi moja pale Posta, Dar es Salaam. Ndani ya raki kulikuwa na chasisi ya HP c7000, sanduku linalobeba seva nyembamba ziitwazo bledi, ikiwa na bledi 12 za BL460c Gen8: saba za prosesa za E5-2600 za mwanzo, tano za v2, kizazi kilichofuata. Zote ziliendesha ESXi 5.5, mfumo wa VMware unaoiwezesha seva moja (hosti) kubeba mashine pepe nyingi, toleo ambalo VMware waliacha kulihudumia Septemba 2018. Nyingine hazikuwa zimezimwa kwa miaka, na hatari yenyewe ilikuwa hapo. Programu ikikukataa, unairudisha ya zamani. Chuma kilichozoea kuwaka muda wote hukijui mpaka ukizime.

Julai ilichaguliwa makusudi. Joto la Dar hupungua, na kiyoyozi kinachohema Februari kinapata nafasi ya kupumua feni 10 za c7000 zinapopanda kasi kwa pamoja. Umeme nao ulikuwa na hesabu yake: pawa saplai sita, tatu kwenye laini ya jenereta na UPS ya kwanza, tatu kwenye UPS ya pili. Kijana wa jenereta alipotuambia, "Kaka, dizeli iliyopo haifiki asubuhi," tuliahirisha kuanza hadi tangi lijazwe. BIOS ya bledi hizi ina nakala ya akiba, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuiandika unaweza kupona. Kwa moduli za Virtual Connect, zinazobeba mtandao wa chasisi nzima, sikuwa tayari kujaribu bahati.

Tulikwenda toleo la 6.5, si 6.7. Kutoka 5.5 huwezi kuruka moja kwa moja hadi 6.7, na vCenter 6.7, programu ya kusimamia hosti zote, haisimamii zile za 5.5 kabisa. vCenter 6.5 inazisimamia, na hilo ndilo lililotuwezesha kupandisha vCenter kwanza kisha bledi mojamoja huku huduma zikiendelea. vCenter ya zamani ilikuwa kwenye Windows. Tuliihamishia kwenye mashine pepe ya VMware kwa chombo chao cha kuhamisha. Pale lililohitaji umakini lilikuwa DNS, huduma inayooanisha majina na anwani za mtandao, isomeke kwa jina na kwa anwani, pande zote mbili.

Kisha, kabla ya kugusa toleo la hosti yoyote, kila bledi ilizimwa kabisa na kuwashwa tena ikiwa na programu yake ileile. Baadhi ya wenzetu waliona ni kupoteza usiku. Nilishikilia msimamo huo, na leo bado naushikilia: ukipandisha toleo bledi ikagoma, hutajua kama ni draiva mpya au ni memori iliyokuwa imekufa tangu zamani.

Bledi ya kwanza tu ilikataa hata kuhamisha mashine zake. vMotion, njia ya kuhamisha mashine pepe zikiwa zinaendelea kufanya kazi, ilianza ikakwama, na kwenye logi kulikuwa na ujumbe "can't fork". Aliyesababisha ni hp-ams, ajenti ya HP inayopeleka taarifa za hosti kwa iLO, chipu ya kusimamia seva kwa mbali. Baadhi ya matoleo yake ya enzi za 5.5 yalivujisha memori taratibu, hadi hosti ikashindwa kuanzisha prosesi mpya, SSH ya kuingia kwa mbali ikiwemo. Tuliingia kwa mbele kwa kebo ya SUV, ile yenye vichwa vya USB na skrini, tukaandika /etc/init.d/hp-ams.sh stop, na mashine zikahama. (Kebo hiyo hupotea sana maofisini. Ifungwe kwenye raki kwa waya.) Kwa bledi zilizobaki ajenti iliondolewa mapema kwa esxcli software vib remove -n hp-ams.

Kuzima kukafichua mengine. Bledi kadhaa ziliamka saa ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, kwa kuwa betri ya CR2032 kwenye bodi ilikuwa imekwisha. Saa ikikosea, vyeti vinakataliwa na hosti haiungani na vCenter, na fundi asiyejua atahangaika na mtandao bure. Betri hizo Kariakoo zimejaa, ila pima kwa mita kabla ya kulipa: mpya husoma volti 3 na kitu. Bledi mbili zilisoma GB 120 badala ya 128. Tulihamisha kijiti cha memori cha GB 8 kilichotajwa kuwa na kosa hadi sloti nyingine. Kwenye moja kosa lilifuata kijiti, tukakibadilisha. Kwenye nyingine kosa lilibaki palepale kwenye sloti, na hiyo ni bodi.

Bledi ya nafasi ya 9 iLO yake ilionyesha kosa la flashi ya ndani. Matoleo ya zamani ya iLO 4 yaliiandika flashi hiyo kupita kiasi. Dawa ni kupandisha iLO kwanza, sisi tulikwenda 2.70, kisha kuifomati flashi kwa faili dogo la XML, kisha kukata umeme wa bledi kabisa. Bledi haina waya wa kuchomoa. Ama unaivuta kwa mkono, ama unaingia kwenye OA, moduli inayosimamia chasisi, na kuandika reset server 9. Amri hiyo inakata umeme papo hapo bila kuuliza mfumo uliomo ndani, hivyo soma namba ya nafasi zaidi ya mara moja.

Baada ya hapo ndipo fimwea, programu iliyomo ndani ya kifaa chenyewe. OA ilitangulia, zote mbili. Kwa Virtual Connect tulihifadhi mipangilio yake kwanza, tukaendesha healthcheck ya VCSU, chombo cha HP cha kupandisha moduli hizo, na tukachagua moduli ziamshwe kwa kupokezana badala ya zote pamoja. Ukiziamsha pamoja, bledi zote zinapoteza mtandao kwa wakati mmoja. Bledi zilifuata kwa diski ya SPP, mkusanyiko wa fimwea za HP: BIOS, kadi ya mtandao, kontrola ya diski.

Kadi ya mtandao ndiyo iliyokula muda, na ilistahili. Ni 554FLB ya Emulex yenye poti mbili za gigabiti 10, na kila poti Virtual Connect huigawa vipande vinne, kwa hiyo ESXi huona vmnic (kadi za mtandao) nane. Draiva yake ni elxnet, nayo na fimwea lazima vitoke kwenye jozi moja. Amri ya esxcli network nic get -n vmnic0 hukuonyesha vyote viwili. Kwenye bledi ya majaribio tulipandisha fimwea peke yake, draiva ikabaki ya zamani, kisha tukachomoa kebo ya juu ya moduli ya kwanza. SmartLink, kipengele cha Virtual Connect, ilitakiwa kuizima poti ili mashine zihamie upande wa pili. Poti ilibaki imewaka, mashine zikabaki kimya. Baada ya draiva ya jozi yake kuwekwa, kuchomoa kulekule kulipoteza pingi moja tu. Jaribio hilo lifanyike kwa kebo halisi mkononi. Skrini ya vCenter ilionyesha kijani muda wote.

Kuweka 6.5 kwenyewe kulikuwa kwepesi. Tulitumia faili la zip la HPE kwa esxcli software profile update, tukitanguliza --dry-run. Pale iliposema kuna VIB (vifurushi vya programu) zinazogongana tuliziondoa kwa majina badala ya kutumia profile install, ambayo hufuta kila kisichomo kwenye faili, hata draiva unayoihitaji. Nakala ya mipangilio ya hosti ilichukuliwa kabla na baada, maana nakala hiyo hurejeshwa tu kwenye bildi ileile iliyotoka.

VMFS-5, mfumo wa faili wa hifadhi za ESXi, haigeuzwi kuwa VMFS-6 ilipo. Tuliunda datastoo mpya na kuhamishia diski huko kidogokidogo. VMware Tools, programu saidizi za ndani ya mashine pepe, zilifuata, na toleo la chuma pepe likawa la mwisho, kwa kuwa likishapanda mashine hairudi kwenye hosti ya 5.5. EVC, mpangilio unaosawazisha prosesa za vizazi tofauti, iliachwa Sandy Bridge, kizazi cha zile za mwanzo, ili zile saba za mwanzo na tano za v2 ziendelee kupokeana mashine. Bledi yenye sloti mbovu haikurudi kwenye klasta, yaani kundi la hosti. Vijiti vyake 16, diski mbili na kadi ya 554FLB viliwekwa alama na kupangwa kama spea za zile 11.