Siku moja na bajaji yangu Iyumbu, Dodoma

Saa 11 alfajiri. Agosti ya Dodoma haina masihara. Upepo unakuja moja kwa moja kutoka porini, na bajaji haina mlango, ina turubai tu. Navaa jaketi mbili, nafuta siti vumbi jekundu, nawasha. Nalala kwenye nyumba ambayo mwenyewe yuko mkoani. Ameshapaua, lipu bado. Mimi namlindia mabati na nondo, yeye hanidai kodi.

Saa 12 na robo mageti yanaanza kufunguka. Kila geti linatoa gari, na kila gari lina mtu mmoja, mara chache wawili. Wengi wanaelekea Mji wa Serikali, Mtumba, ambako kazi inaanza saa 1:30. Barabara za ndani ni za udongo, kwa hiyo anayetoka wa mwisho anakula vumbi la wenzake wote. Mimi nabeba watoto wa mkataba, wale ambao wazazi wananilipa kwa mwezi.

"Shikamoo anko. Leo nakaa mbele."

"Marahaba. Kakae na dada yako."

Kila asubuhi anaomba, na kila asubuhi jibu ni hilo hilo.

Saa 3 mtaa umekufa. Napaki chini ya mwarobaini kwenye kona, nasubiri simu. Wageni hudhani hapa hakuna watu mchana. Watu wapo, ila hawana magari: dada wa kazi, wazee, mafundi, kina mama wenye vichanga. Viwanja vilivyotengwa kwa ajili ya maduka viko palepale, vina bikoni na nyasi kavu. Nyumba ina vyumba sita na dari ya jipsamu, lakini chumvi ikiisha iko mbali, na kwa mguu utaifuata juani hakuna hata mti wa kupumzikia. Kwa hiyo soko ni mimi. "Kaka, nyanya za elfu moja, vitunguu, na mtungi wa gesi umeisha." Nakusanya oda za nyumba kadhaa ndipo naenda, la sivyo mafuta yananila. Ukinituma nyanya peke yake nitakwambia subiri, na usinune.

Saa 5 namchukua mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, nimpeleke kliniki ya presha. Huyu ndiye abiria ninayempenda kuliko wote, maana anajua mji huu ulivyochorwa. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, iliunda mamlaka ya ustawishaji, CDA, na mwaka 1976 ukatoka mpango uliochorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Mpango wenyewe, anasema, ulikuwa wa mji wa waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi: basi lipite kwenye njia yake, na shule na soko viwe karibu na makazi.

"Sasa baba, ikawaje?"

"Hela, kijana. Halafu mkaja wote kwa mpigo."

Anacheka mpaka anakohoa. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 411,000 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta zaidi ya 765,000. Hapo katikati Serikali ilihamia kwa kasi kuanzia 2016, na CDA yenyewe ikavunjwa 2017. Viwanja vikapimwa haraka kuliko barabara zilivyochongwa. Mimi kulalamika siwezi: mpango ule ungetimia, ningekuwa nalima alizeti kwetu Kongwa. Lakini nikimwona mama ana mtoto mgongoni saa 7 mchana, jua la utosini, naona mchoraji yule alikuwa na akili.

Mchana nakula ugali wa mtama na mlenda kwa mama ntilie anayepikia mafundi, kisha nalala siti ya nyuma, miguu nje.

Saa 9 na nusu watoto tena. Baadaye magari yanarudi, mageti yanafungwa, mbwa wanafunguliwa. Majirani wawili wameishi wakitazamana muda mrefu, na juzi mmoja ananiuliza mimi, dereva, eti nyumba ile ya geti la kijani anakaa nani. Dada zao wanaazimana sukari kila siku! Msiba ukitokea, sisi wa kijiweni na dada wa kazi tunajua kwanza. Wenye nyumba wanasoma kwenye kundi la simu wakiwa ofisini.

Jua linazama kabla ya saa 1, na taa za barabarani huku ndani hatuna. Hapo ndipo napata vichwa vya haraka: wanaoshuka daladala kwenye lami, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wauguzi wanaoingia zamu. Wanawake hawatembei hilo giza, na wana haki.

Saa 3 usiku natenga hesabu ya bosi na ya mafuta. Simu inaita: mama wa nyumba ya pembeni anawahi treni ya SGR ya alfajiri kwenda Dar. Nimemwambia elfu nane, yeye anasema sita. Tumekubaliana saba, lakini gunia la karanga lisizidi moja.