Jinsi nilivyoifikisha ThinkPad X200 kwenye GB 8 za RAM

Laptopu yangu ni ThinkPad X200, toleo la mwaka 2008, niliinunua mtumba. Ilikuwa na GB 2 tu za RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Ukifungua kurasa tano za intaneti unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi bado inawaza. Aliyeniuzia aliapa kikomo chake ni GB 4, kumbe GM45, chipu za Intel kwenye ubao wake zinazosimamia RAM, zinabeba hadi 8: vijiti viwili vya RAM aina ya DDR3, kila kimoja GB 4.

Nikanunua viwili. Nikazima, nikatoa betri, nikafungua kifuniko cha chini, nikavipachika. Kuwasha: kioo cheusi, mlio tu. Nikarudisha cha zamani, ikawaka. Fundi akasema ubao mkuu wa laptopu umekufa. Umekufa vipi, na kijiti cha zamani kinafanya kazi?

Jibu lilikuwa kwenye lebo. Vyangu viliandikwa 1Rx8, yaani kijiti chenye chipu 8 za kumbukumbu za gigabiti 4 kila moja (gigabiti 8 ni GB 1), na GM45 haiziwezi hizo. Inataka 2Rx8: chipu 16 za gigabiti 2, nane kila upande. Muuzaji akanibadilishia, ingawa kwa kununa.

BIOS, programu ya kwanza kuamka laptopu ikiwashwa, ikasoma GB 8. Windows ikaonyesha 3 na ushei! Hapo kosa lilikuwa langu, nilikuwa bado na Windows toleo la biti 32, ambalo haliwezi kutumia RAM yote hiyo. Nikahamishia mafaili kwenye flashi, nikaweka la biti 64, na zote nane zikaonekana. Sasa kinachonitesa ni betri, ila hiyo ni kesi nyingine.