Siku yangu na donati za hamira, Chikongola, Mtwara

Saa kumi na nusu alfajiri naamka, kabla ya adhana. Napasha maziwa yawe vuguvugu tu. Nachovya kidole, na yakinichoma nasubiri, maana maziwa ya moto yanaua hamira na unga wote unapotea bure. Kisha nakanda kwa mkono dakika 20. Donge la donati hunata kuliko la maandazi, na ukilikimbilia kwa unga mkavu umeshaliharibu. Nakanda mpaka kipande nikikivuta kitanuke kama utando bila kuchanika. Mabega yananiuma kila siku, lakini hapo ndipo ufundi ulipo.

Saa kumi na mbili mpaka saa mbili: nakaanga donati 30 za wateja wa asubuhi, watoto wanakwenda shule, nafagia uwanja.

Saa tatu kasorobo namaliza kukanda donge la oda, donati 60 za arobaini ya mtoto, za kuchukuliwa saa tisa alasiri. Nalifunika kwa kitambaa chenye unyevu, nakaa barazani. Anayepita ananiambia, "Wewe mwenzetu unakaa tu nyumbani." Hajui kwamba nimeamka kabla ya jogoo na kwamba anayepanga saa humu ndani ni donge. Joto hili la kaskazi linalifanya liumuke haraka. Wakati wa kusi nalisubiri mpaka nachoka.

Saa tatu simu inaita. Mwenye oda anazitaka saa tano, ratiba imebadilika.

"Dada yangu, donge ndiyo kwanza nimelifunika."

"Si uongeze hamira? Maandazi mbona yanaiva upesi?"

Nikamweleza kwa utulivu: liumuke, nilisukume, nikate kwa glasi na kutoboa kwa kizibo cha chupa ya maji, kila moja ipumzike tena nusu saa, ndipo ikaangwe. Hamira ikizidi, donati inanuka pombe. Donge likiumuka kupita kiasi linalala kwenye karai na kunywa mafuta. Nikamwahidi saa sita kasoro. Akapiga tena mara nne, na kila nikipokea narudi kunawa mikono upya.

Kukaanga ndiko kunakochosha. Karai langu linabeba donati tano, kwa hiyo ni mizunguko 12 mbele ya moto. Natupa kwanza kipande cha donge: kikiibuka taratibu na mapovu madogo, mafuta yako tayari. Donati iliyoumuka vizuri inaelea juu, inatoka na mshipi mweupe kiunoni. Mshipi huo nikiuona, moyo unatulia. Naichovya ingali ya moto katika shira ya sukari ya unga, maziwa na vanila, kisha naiweka juu ya chekecheke, shira inakauka nyembamba na kung'aa. Juu nanyunyiza korosho za kukatika nilizokaanga jana na kuzitwanga.

Kijana wa bodaboda akafika na ndoo ya mfuniko. Nikamwomba asubiri zipoe, kwani kwa unyevunyevu wa hapa Mtwara donati ya moto ikifunikwa inatoa jasho na shira yote inayeyuka. Simu ikaita tena: "Kwani andazi lenye tundu ni shilingi 500? Si unatupunja hilo tundu? Nipunguzie." Nikamwambia bei ni ileile tuliyoagana, 30,000. Tundu linafanya katikati paive sawa na pembeni, na sikuliweka ili nimpunje mtu. Alilipa. Nilizipanga kwenye sinia, nikazifunika karatasi tu, nikamsihi kijana aendeshe polepole.

Vile vidonge vya matundu nilivikaanga mwisho, wakavila watoto wa jirani.

Mchana sikumbuki vizuri. Nililala kidogo, nikaosha karai. Sasa jua limezama, mafuta nimeyachuja, kanga yangu inanuka kikaangio. Napima unga wa kesho.