Nilifuata lami, nikarudi na mtaro

Jana nimehudhuria mkutano wa mtaa kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku. Nilifuata ombi la lami tu. Mwenyekiti hata hajamaliza kusoma ajenda, bibi mmoja akasimama: "Mwanangu, lami bila mtaro ni kuyachongea maji njia ya kuingia kwangu." Ukumbi mzima (yaani chini ya mwembe) ukaangua kicheko, lakini ombi likabadilishwa palepale: mtaro na kalavati kwanza. Sasa linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha TARURA (wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini), maana tangu 2017 barabara za mitaa wanazisimamia wao. Bodaboda wamesema nauli haishuki hadi waone greda. Mimi nimeshanunua gambuti.