Meseji ya mbolea inaingia simu ya nani?

Mwezi wa tatu ukikaribia hapa Trans Nzoia, magharibi mwa Kenya, watu wakikutana njiani huulizana, "Meseji imeingia?" Ni ile ya mbolea ya serikali. Inakuja na namba, unaipeleka ghalani pamoja na kitambulisho, unalipa, unapewa magunia kulingana na ekari ulizoandikishwa.

Mpango huu umetusaidia, na nasema hivyo kwa moyo safi. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilikuwa limefika shilingi 6,500. Mwezi wa tisa mwaka huo serikali ikalishusha hadi 3,500, na 2023 likawa 2,500. Sisi tunalima ekari tatu. Kila ekari inataka gunia la kupandia na lingine la kukuzia, kwa hiyo ukilinganisha na ile bei ya 6,500, hapo tunaokoa shilingi 24,000. Hiyo ni karo, si pesa ya chai.

Shida ni kwamba meseji haiji kwangu. Inaingia Nairobi, kwenye simu ya mume wangu anayefanya kazi ya ulinzi. Siku ya kuandikisha wakulima waliuliza mwenye boma ni nani, wakaandika kitambulisho chake na namba yake. Mimi ndiye ninayelima, ninayepanda, ninayepalilia na kuvuna, na sikuulizwa hata jina.

Mwaka jana alinitumia ile namba mara tu ilipoingia. Nikakodi bodaboda hadi ghalani, nikapanga foleni tangu alfajiri, na nilipofika dirishani karani akasema anataka kitambulisho cha mwenye jina. Mume wangu akakituma kwa basi la usiku. Kilipofika, DAP, yaani mbolea ya kupandia, ilikuwa imeisha, tukaambiwa turudi wiki ijayo. Na mvua ilikuwa imeshaanza.

Asiyelima huku huenda asione uzito wa wiki moja. Mbegu yetu ya mahindi, ile ya 614, inakaa shambani muda mrefu, na kwa mwaka tunavuna mahindi mara moja tu. Ukichelewa kupanda, umeshapunguza mavuno. Nikanunua ya dukani, ikatosha ekari mbili. Ile ya tatu nilipanda na samadi kidogo niliyokuwa nayo. Mahindi yalipofika magotini, majani yake yalikuwa ya zambarau pembeni na shina jembamba kama kidole, na ng'ambo ya mtaro wenzake wa mbegu ileile walikuwa kijani kibichi.

Jirani yangu ana hali ngumu kuliko yangu. Ni mjane, na jina lililo kwenye daftari la wakulima bado ni la marehemu mumewe. Laini ya simu ilishafungwa. Kwa hiyo mama huyu, mwenye watoto wanne na ekari mbili anazolima kwa jembe la mkono, hununua mbolea kwa bei ya duka, na gari la mbolea ya serikali linapita mbele ya lango lake.

Tunachoomba hakihitaji bajeti mpya. Daftari lipitiwe mwezi wa kwanza, kabla ya foleni kuanza, na kila boma liruhusiwe kuandikisha watu wawili: mwenye shamba na anayelilima. Mjane aandikwe kwa jina lake. Naibu chifu wetu ana baraza Jumatano ijayo. Nitakuwepo na kitambulisho changu, na jirani yangu ameshasema atakuja na cheti cha kifo.